Safari ya Mlimani: Mavyaa Apumzike, na Mkaza Mwana Pia



Tumepokea barua ya mama mmoja wa Likoni, nami nitaifupisha bila ya kuipotosha. Mavyaa wake ametoka eda miezi miwili sasa. Ni mzaliwa wa Kipini, mtu wa maneno machache, na tangu alipofiwa maneno yenyewe yamezidi kupungua. Wanawe wameafikiana kumtoa matembezi mwezi wa Desemba: watu kumi na watatu katika gari moja la kukodi, mahema juu ya paa, wakalale siku nne mlimani penye utulivu. Maafikiano yakakomea hapo. Mwana mkubwa ataka Nanyuki, akasimame juu ya mstari wa Ikweta. Wa pili ataka wapande hadi kwenye theluji. Wa tatu, mume wa mwandishi, hana neno maadamu patakuwa na mahali pa kuchomea nyama. Mwandishi mwenyewe auliza mambo mawili. La kwanza: ni wapi hasa, pande za Mlima Kenya, penye utulivu na mandhari ya kumpoza mtu aliyefiwa? La pili ameliandika chini kabisa ya ukurasa, kwa kalamu nyengine: "Na mimi je?" Kwani safari iliyopita aliwapikia watu hao hao siku zote nne, akarudi nyumbani na maumivu ya mgongo.

Nitaanza na hilo la chini, kwa sababu la juu halijibiki bila yake.

Tuna mazoea ya kuchagua mahali kwa sifa za macho: maporomoko, kilele, ukungu wa asubuhi. Mahali pakishachaguliwa, kazi zake zote huwaangukia wanawake bila ya kujadiliwa. Na mahali papatikanapo picha nzuri, aghalabu, ni mbali na bomba la maji, mbali na choo, mbali na duka la kibiriti. Mume huketi akatazama bonde akasema, hapa pana utulivu. Nyuma yake pana mtu anayekokota ndoo kutoka mtoni, anayepuliza moto wa kuni mbichi, anayehesabu sahani. Utulivu wa mahali hapo ni wa nani? Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza mwenye kambi kabla ya kuuliza bei: maji yatoka wapi, na nani atayabeba?

Wazee wetu wa pwani waliujua mlima ule kabla ya barabara, wakiuendea kwa miguu katika misafara. Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona kwa mbali akiwa Ukambani mwaka 1849. Mwaka 1887 Teleki wa Hungaria alipofika kwenye miteremko yake, waliomfikisha ni wapagazi wa pwani, na katika viongozi wake alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Sitaki kuipamba misafara ile, kwani ilikuwa na dhulma zake nyingi. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo safari zetu za leo hazina: kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Palikuwa na kirangozi wa kutangulia njia, palikuwa na mpishi, palikuwa na wapagazi, na kila mmoja alijua ujira wake. Sisi tumewaondoa wote hao, tukaweka badala yao mama mmoja na binti yake wa darasa la nane.

Sasa nije kwenye mahali.

Nanyuki nauondoa. Ni mji mzuri, wenye msikiti na Majengo yake ya tangu zamani, lakini ni mji wa shughuli, na mwisho wa juma watu wa Nairobi huufanya uwanja wao. Kwenye bango la Ikweta utapata wauza vinyago na vijana wenye karai la maji wakikuonyesha namna maji yanavyozunguka. Watoto hufurahi kwa robo saa. Mjane hana la kufanya pale. Theluji nayo naiondoa bila ya mjadala. Lenana, kilele kinachofikiwa na watembeaji wa kawaida, kina urefu wa mita 4,985, nacho hufikiwa kwa siku kadhaa za miguu. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu cha mwinuko huweza kumwanza mtu tangu mita 2,500, naye awe ametoka usawa wa bahari jana yake. Hata lango la Chogoria, ambalo lafikiwa kwa gari lenye nguvu za magurudumu manne na ambalo vijana hulisifu kwa haki, liko karibu mita 2,950. Mwana wa pili na aende huko mwakani pamoja na rafiki zake. Bi mkubwa mwenye presha asipelekwe juu hivyo kwa ajili ya hamu ya mtu mwengine, na hata kwa mwinuko mdogo zaidi amwone kwanza daktari wake.

Ninalopendekeza ni Kerugoya, na juu ya Kerugoya, msitu wa Kamweti.

Kerugoya ni mji wa Kaunti ya Kirinyaga, kusini ya mlima, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Hausifiwi sana katika vitabu vya watalii, na hiyo ni sehemu ya fadhila yake. Juu yake kuna mashamba ya chai, kando yake kahawa, na chini yake, ukiteremka kupita Kutus, kuna tambarare ya Mwea na mpunga wake. Una soko, una hospitali ya rufaa ya kaunti, na vituo vya mafuta haviko mbali. Yafaa familia yenye mzee iwe karibu na vitu hivyo vitatu, hata kama hakuna atakayevitia katika picha. Usiku wa kwanza laleni mjini, katika nyumba ya wageni, msiende moja kwa moja msituni. Mwili ulioshuka garini baada ya kilomita mia sita hauna haja ya kusimamisha hema gizani.

Asubuhi yake ndipo mpande Kimunye, na kutoka hapo hadi ukingo wa msitu wa Kamweti. Huko iko nyumba ya wageni ijulikanayo kwa jina la Castle Forest Lodge, yenye vijumba vya kulala na uwanja wa mahema, katika mwinuko wa mita 2,000 au zaidi kidogo. Ni baridi, lakini ni baridi ya kuvumilika kwa blanketi mbili. Pana maporomoko ya maji, pana mbega weupe kwa weusi mitini, na mto unaopita pale ni Thiba.

Nimeutaja mto huo kwa sababu ya neno moja katika barua: Kipini. Mavyaa wako amekulia pale Tana inapoingia baharini. Amekunywa maji yake na kuyafulia. Ameyaona yakija mekundu kila masika, na ikiwa ni kama wazee wengi wa huko, hajawahi kuona yanakotoka. Basi Thiba huteremka kutoka mlimani, hunywesha mpunga wa Mwea, huingia Tana kwenye bwawa la Kamburu, na Tana huendelea, safari ya karibu kilomita 1,000 kwa jumla, hadi kwao. Kule Kamweti maji hayo ni maangavu na baridi yake huuma vidole. Sijui mahali pengine pande zile pawezapo kumpa mzee wa Kipini jambo la kutazama ambalo ni lake mwenyewe. Msimwambie mengi. Mwekeeni kiti kando ya maji, mmwambie huu ni mto gani, kisha mumwache.

Kwa sababu iyo hiyo, nepi za watoto na mifuko ya plastiki na irudi nanyi garini. Kinachotupwa Kamweti chaelekea kwa jamaa zake.

Jambo jengine la Kerugoya latuhusu sisi zaidi ya wageni wengine. Kilele cha mlima kutoka pale kiko kaskazini, kwa kuegemea mashariki kidogo, na kibla nacho kiko upande uo huo, karibu sawasawa. Mwenye kusimama kwa swala pale husimama akiuelekea mlima. Na mlima huo una tabia ya kuonekana alfajiri tu. Kufika saa nne ya asubuhi mawingu huwa yameshaufunika. Wageni wengi hurudi makwao wakilalamika kwamba hawakuuona. Wenye kuamka kwa swala ya Alfajiri watauona, mbingu zikitakata. Hukumu za kupunguza swala kwa mwendo na muda huo, muulizeni imamu wenu kabla ya kuondoka. Si kazi ya safu hii.

Siku moja kati ya hizo nne itumieni kushuka Mwea. Mchele wa pishori tunaoupikia biriani hapa Mombasa aghalabu umetoka pale, na watoto wapaswa kujua kwamba mchele haukui dukani. Mfumo ule wa mifereji ulianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa nguvu za mahabusi. Na mwaka 2022 ukakamilika ujenzi wa bwawa la Thiba ili kuuongezea maji. Ndege weupe wa majini ni wengi na mandhari ni ya kijani hadi upeo wa macho. Lakini nawasihi, na hapa sifanyi mzaha: watoto wasiingie katika mifereji, hata kwa miguu mitupu, hata kwa dakika moja. Mwea kuna kichocho, na kichocho hupenya ngozi bila ya mtu kuhisi. Mbu pia wako. Tazameni, nunueni gunia lenu pale Wang'uru, mrudi Kerugoya kabla ya Magharibi.

Nyeri iweni nayo akiba, ikiwa mvua itawafukuza msituni. Mwenye mtoto skauti anaweza kumwonyesha kaburi la Baden-Powell, aliyefariki huko Januari 1941. Mwenye binti anayependa kusoma amweleze kwamba Wangari Maathai, mshindi wa Nobeli wa mwaka 2004, alizaliwa kijiji cha kaunti ile ile na alianza kwa kupanda miche.

Sasa wakati. Likizo zetu za shule hazikupangwa na mtu anayelala hemani. Aprili ni masika, na udongo mwekundu wa miteremko ile ukinywa maji, gari lenye watu kumi na watatu halina breki wala usukani. Julai hadi Agosti ni baridi na ukungu, mlima haujitokezi kwa siku nyingi. Desemba ndiyo afadhali, ila mwanzoni mwake mvua za vuli huwa hazijamaliza, na mwishoni mwake Thika Road hufurika watu wa Nairobi wanaorudi makwao kwa Krismasi. Baina ya hayo mawili pana nafasi ndogo, juma la pili na la tatu. Nendeni hapo, na msiguse Jumamosi mkiweza. Mkimpigia mwenye kambi, msimwulize kama pana utulivu, kwani hakuna atakayesema hapana. Mwulizeni Jumamosi iliyopita alikuwa na wageni gani. Akiwataja wafanyakazi wa kampuni waliokuja kwa michezo na spika zao, mmeshapata jibu lenu.

Na hema lisiwekwe ukingoni mwa mto, hata kama ndipo pazuri zaidi na hata kama mwenyeji ameshapafagia. Mvua ya mlimani yaweza kunyesha juu bila ya nyinyi kuona tone, kisha mto ukaja usiku. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake kule Maasai Mara ukaingia katika kambi za watalii, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Wenye kambi zile hawakuwa wajinga wa nchi yao. Kwenye msitu wa Mlima Kenya ongezeni ndovu na nyati katika hesabu. Ua wa umeme uliojengwa sehemu nyingi kuuzunguka msitu umewekwa ili wasitoke kwenda mashambani, na nyinyi mtakuwa upande wao. Usiku hakuna kutoka nje ya uwanja wa kambi, na mchana hakuna kuingia msituni bila ya askari wa wanyama au wa misitu.

Kuhusu gari: nyumba ya kukokotwa, ile wenzetu wa Ulaya waiitayo karavani, ni adimu kwetu, na njia za juu ya Kimunye hazikuwekwa kwa ajili yake. Gari la abiria kumi na wanne lafaa, ikiwa dereva amewahi kuendesha penye matope. Ningependa zaidi kama Bi mkubwa na watoto wadogo wangepanda treni ya Madaraka kutoka Miritini hadi Syokimau, akanyoosha miguu na kwenda chooni apendapo, na gari la mahema likatangulia siku moja kabla na kulala Mtito Andei. Mkutane Syokimau, mshike njia ya Eastern Bypass hadi Ruiru bila ya kuingia katikati ya Nairobi, halafu Kenol, Sagana, Kagio, Kutus.

Nimerudi kwenye jiko, kama nilivyoahidi.

Chukueni vijumba viwili na mahema matatu, badala ya mahema matupu. Kimoja ni cha Bi mkubwa, na cha pili ni cha mwandishi wa barua na watoto wake. Wanaume na vijana walale nje. Ndio waliotaka mandhari. Gharama itapanda, naam. Gawanyeni baina ya ndugu watatu muone ni kiasi gani kwa kila mmoja, kisha mlinganishe na mgongo wa mkeo.

Kuku nunueni wazima sokoni Kerugoya, mchinje wenyewe. Tui la nazi na viungo vitoke nyumbani, kwani nazi ya kule imesafiri kuliko nyinyi. Maharagwe na mbaazi zichemsheni na kuzigandisha Likoni kabla ya kuondoka: kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na sufuria ambayo pwani huiva kwa saa moja kule itawakesha. Usiku mmoja kuleni chakula cha wenyeji wa kambi, mkiwa mmekwishawaeleza mapema kuhusu nyama na mafuta. Mboga, samaki na chapati hazina utata.

Siku zilizobaki ni tatu na ndugu ni watatu. Kila mmoja ana siku yake kuanzia chai ya asubuhi hadi sufuria ya mwisho, pamoja na wanawe wa kiume. Najua litakalosemwa, kwamba wanaume hawajui kupika. Wanajua. Nimewaona Idi wakigeuza mishikaki kwa ustadi wa kujionyesha, na mtu anayejua kugeuza mshikaki anaweza kufundishwa kuosha sinia. Na wasomaji hawana haja ya kukumbushwa alivyojibu Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake.

Zamu hizi ziandikwe kwenye karatasi na zisomwe mbele ya Bi mkubwa kabla gari halijawashwa. Ikiwa mmoja wa ndugu atazikataa, basi msiende msituni. Kodini nyumba Kerugoya mjini, mle mkahawani, mpande Kamweti asubuhi na kurudi jioni. Mto utakuwa pale pale.

Mwandishi wetu, nambari za kambi ziulizie kwa wenyewe na uthibitishe malipo ya kuingia msituni kabla ya safari, kwani hubadilika na hulipwa kwa simu. Omba kijumba kilicho karibu na choo chenye taa. Mchukulie mavyaa wako soksi za sufu jozi mbili, mfuko wa mpira wa maji ya moto na kiti chake mwenyewe cha kukunjwa, kile alichokizoea barazani.

Tutaraji barua yako ya Januari.